Udongo Aliouchoma Ruguru

Ukipanda kutoka Kianjokoma, ukaliacha soko nyuma yako na kupita mashamba ya chai hadi chai yenyewe inapokoma, utafika mahali ambapo hewa hubadilika ghafla, kana kwamba mtu amefungua mlango wa nyumba isiyokaliwa. Hapo ndipo msitu unapoanza. Na hapo, miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga, palikuwa na kambi ya wafanyakazi wa msitu: nyumba za mbao zilizopakwa lami, kanisa la mabati, bomba moja la maji, na kitalu cha miche. Kitalu ndicho kilichoiweka kambi hapo. Bila miche, hapangekuwa na sababu ya mtu kulala karibu na ndovu.

Katika kitalu hicho alifanya kazi Teresia Ruguru, mama yake Karimi, binti aliyekuwa akisoma mbali. Nitakusimulia habari zake polepole, kwa sababu mwenyewe alikuwa mtu wa polepole. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alichukia uchafu kama wengine wanavyochukia wezi. Sufuria zake alizisugua kwa majivu hadi ukaweza kujiona meno. Watoto wa kambi walijua kwamba ukiingia kwa Mama Karimi na tope miguuni, utatoka na sikio jekundu. Kitu kimoja tu alichovaa hakikumfaa: gambuti za marehemu mumewe, kubwa kama mitumbwi, alizozijaza matambara mbele ili zisimvuke.

Mumewe aliitwa Muchangi. Kazi yake ilikuwa kupogoa misonobari, hiyo miti ambayo wengi huiita paini. Alipanda ngazi na msumeno wake, akakata matawi ya chini ili mbao zije kuwa safi, bila macho ya vifundo. Alikuwa mrefu, mcheshi, na hakuwa na shamba. Baba yake alikuwa ameachwa nje wakati ndugu walipogawana, na yeye akazaliwa huko huko nje. Sasa, mtu asiye na shamba anaweza kuishi vizuri tu hata akasahau. Taabu yake huja siku ya kufa, watu wanapotazamana na kuulizana atalazwa wapi.

Siku hiyo ilikuja. Tawi lililokuwa limekauka juu, ambalo hata hakuwa akilikata, lilimwangukia. Foresta wa wakati ule, ndivyo tulivyowaita wakuu wa vituo vya msitu, alitazama jeneza, akamtazama Ruguru, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzikeni hapo juu, ukingoni mwa kambi. Tutaona mbele." Basi Muchangi akazikwa chini ya misonobari ya zamani, ile iliyopandwa kabla ya mtu yeyote kambini kuzaliwa. Msalaba wake ulikuwa mbao ya msonobari. Hakuna aliyeandika chochote. Ruguru alijua kwamba siku kambi itakapoondolewa, yeye ataondolewa nayo, na mumewe atabaki peke yake na nyani. Hilo tu ndilo lililomkosesha usingizi: asije akatenganishwa na lile kaburi.

Mwaka uliofuata msitu ule wa zamani ulikatwa. Malori yalishuka na magogo wiki baada ya wiki, mpaka kilima kikabaki visiki vitupu. Wakataji waliacha miti michache tu, ile iliyolizunguka kaburi. Walisema mnyororo wa msumeno ulikuwa ukikatika kila walipoikaribia. Huenda ilikuwa kweli, huenda walikuwa waoga. Miti ikabaki imesimama pale juu, imejikusanya, kama watu wanaoteta.

Tangu hapo Ruguru alianza kuisikia ile harufu.

Ilianza wakati wa baridi ya Julai, ukungu unaposhuka asubuhi na kukataa kuondoka. Alikuwa na kawaida ya kwenda kaburini jioni baada ya kazi, kukaa kidogo, kung'oa majani. Jioni moja akiwa ameinama, harufu ikampanda puani. Alisimama wima. Ilikuwa harufu ya kabuti la Muchangi: jasho, moshi, mbuzi aliyelowa, kitunguu saumu, na kitu kingine kitamu kisichopendeza, kama nyama iliyofunikwa muda mrefu. Kabuti lenyewe alikuwa amezikwa nalo. Ruguru alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu, ila chini ya miti palikuwa pamefukuliwafukuliwa, udongo mbichi umerushwa pembeni, kana kwamba kuna aliyekuwa akitafuta njia ya kuingia. Au ya kutoka.

Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani?

Sasa nikueleze desturi moja ya kitalu, maana bila hiyo hutaelewa kosa lake. Msonobari ni mgeni katika nchi yetu. Ukiupanda kwenye udongo mpya, hata uwe mweusi na mzuri namna gani, huota ukakataa kukua. Wazee wa kazi walijifunza hilo zamani. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kupanda, mwanamke mmoja alitumwa msituni kuchota udongo wa chini ya misonobari mizee. Aliubeba kwenye gunia lililoloweshwa, mgongoni, ukanda kichwani kama anayebeba kuni, na haukuruhusiwa kuona jua. Kisha ulichanganywa kwenye vitanda vya kitalu, kidogo kidogo, kila mahali. Wanawake waliuita chachu, kama ile tunayoiacha ndani ya kibuyu ili uji wa kesho uchachuke. Tangu alipoolewa kambini, mbebaji wa chachu alikuwa Ruguru.

Mwaka ule kulikuwa na foresta mpya, Bwana Mwongera, mtu wa upande wa Meru, mpole, mwenye sweta lililotoboka viwiko na mzaha usioisha. Alisimama mbele ya vitanda vitupu akasugua mikono.

"Haya, Mama Karimi. Chachu."

"Chachu ya wapi, Bwana Foresta? Si mlikata yote?"

"Kuna ile miti ilibaki pale juu."

Wanawake wote waliacha walichokuwa wakifanya. Ednah, aliyekuwa akichekecha mchanga, alishusha kichekecho.

"Pale kuna mtu," Ruguru akasema.

"Sijasema unichimbie mtu," Mwongera akajibu, kisha akaona nyuso zao na mzaha ukamtoka. "Pembeni, mama. Pembeni kabisa. Sina mahali pengine pa kukutuma."

Alienda. Alichagua mahali pa mbali kiasi alichoweza, lakini miti ilikuwa michache na mizizi yake ilikuwa imesokotana yote. Jembe liliingia mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu likakata kitu laini.

Kilikuwa kidude cha mviringo, kama kiazi kidogo, ila hakikuwa na shina wala jani wala mzizi. Vilikuwa vingi, vimejilaza gizani chini ya sindano zilizokauka, vya rangi ya ngozi ya mtu aliyekaa sana majini. Kile kilichokatwa kilionyesha ndani matundu madogo madogo, kama pafu la mbuzi. Na kutoka ndani ya pafu lile ikatoka pumzi. Ilikuwa kabuti la Muchangi, karibu mno, kana kwamba amemwinamia begani kumuuliza anafanya nini.

Ruguru alijaza gunia bila kutazama akateremka mbio.

Mbele ya jikoni kwake aliketi akilitazama lile gunia. Alifikiri hivi: udongo huu umemla mume wangu. Nikiutia vitandani, nitakuwa nimemgawa. Kila mche utachukua kipande chake, na kila mche una safari yake. Huyu atapelekwa huku, yule kule, wakanyagwe na ng'ombe wa watu wasiomjua. Tena ni udongo wa kaburi. Bibi yake aliyemlea alikuwa amemfundisha kwamba aliyegusa udongo wa maiti amebeba mwiko, na usipousafisha utaingia kwenye chakula, kwenye watoto, kwenye kila unachokishika. Kanisani walikuwa wamemwambia hayo ni mambo ya zamani, omba tu. Yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa usafi, aliomba, kisha akawasha moto.

Aliweka bati juu ya mawe, akamwaga udongo, akaukaanga kama mtu anayekaanga mahindi, akiugeuza kwa koleo hadi ukawa mwepesi na mkavu. Harufu iliyotoka ilienea kambi nzima. Mbwa walikuja. Hawakubweka, hawakugombana. Waliketi wakilizunguka lile bati, wote, hata wale wasiopatana, wakautazama udongo.

Cucu Mukami, yaani bibi Mukami, jirani yake, mwanamke mzee kuliko wote kambini, alichungulia juu ya ua. "Mama Karimi! Unachoma nyama na hujaniita? Meno yangu yamekukosea nini?"

"Ni udongo, cucu."

"Udongo?" Mzee akanusa. Alinusa tena, na uso wake ukabadilika. "Udongo gani unaonukia hivyo?"

"Naua wadudu."

"Haya," Cucu Mukami alisema, akarudi ndani akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

Kesho yake Ruguru alipeleka udongo ule kitaluni, ukachanganywa. Hakuna aliyejua kwamba chachu ndiyo iliyochomwa isipokuwa yeye na mbwa. Siku zile vitanda vilipokuwa vinatengenezwa, alikwenda kaburini kila jioni kumwomba Muchangi radhi, na jioni moja, kwa kuwa njia ilikuwa tope tupu, alirudi akikatiza juu ya vitanda vilivyokuwa bado vitupu, katika ukungu, mpaka mlangoni kwake. Asubuhi wanawake walisawazisha juu juu kwa reki, na mambo yakaendelea.

Miche ilihamishiwa vitandani ikiwa mizuri. Ikashika. Ikainua vichwa vyake vidogo vya sindano. Kisha ikasimama.

Sijui kama umewahi kuona kitu kilicho hai kikasimama. Mche unaokufa unaeleweka. Unalegea, unakauka, unaung'oa. Hii haikufa. Ilimwagiliwa, ikapaliliwa, mvua ikaja, jua likaja, na haikuongeza hata ukucha. Rangi yake ikageuka kutoka kijani hadi manjano, na kwenye ncha zambarau, kama midomo ya mtoto aliyekaa mtoni. Ukipita kati ya vitanda ulihisi kutazamwa. Ednah alisema ni kama kuingia darasani mwalimu akiwa amekufa na watoto hawajaambiwa.

"Nyamaza na mifano yako," wenzake walimwambia, lakini walianza kufanya kazi wawili wawili.

Kisha akaja mkubwa kutoka Embu na gari. Alishuka, akatembea mara moja kati ya vitanda, akasimama.

"Mwongera, hiki ni kitalu au ni makaburi?"

Wachache walicheka kwa adabu. Ruguru hakucheka.

"Kuna shida ndogo, mzee," alisema Mwongera.

"Shida ndogo imeenda mpaka pale chini kwenye ua. Sikiliza. Nitarudi mvua hizi zikiisha. Nikiikuta hivi, kitalu kinahamia chini, na kambi inafungwa. Nyumba zibomolewe, msitu urudi. Hatuwezi kuweka watu humu ndani wa kulinda vijiti."

Gari likaondoka. Watu wakabaki wakiongea kuhusu mahali pa kwenda: huyu kwa shemeji Ruiri, yule ana kaka Makutano mwenye duka. Ruguru alitazama juu, kwenye ile miti iliyojikusanya. Ukungu ulikuwa ukipita katikati yake kama mtu anayeihesabu.

Asubuhi moja baada ya mvua, ukungu uliinuka mapema. Ednah alikuwa amepanda mteremko kufungua maji, na kutoka kule juu alitoa ukelele uliofanya kila mtu aache kikombe chake.

Walimkuta ameshika mdomo kwa mikono miwili, akionyesha kwa kidevu.

Chini yao vilikuwa vitanda, manjano yote. Na juu ya manjano yale palikuwa na madoa ya kijani kibichi, miche iliyochangamka, imepita wenzake urefu. Madoa hayakuwa yametawanyika ovyo. Yalifuatana. La kulia, la kushoto, la kulia, la kushoto. Kila doa lilikuwa na kisigino na lilikuwa na ncha. Yalianza ukingoni upande wa ile miti, yakavuka kitanda baada ya kitanda, mpaka kwenye nyumba ya mwisho.

"Ni mguu wa mwanaume," mtu akanong'ona. "Tazama ukubwa."

"Nyumba ya mwisho ni ya nani?" aliuliza Mwongera, aliyekuwa amekuja na mswaki mkononi.

Walisogea, kidogo tu, wakamwacha Ruguru katikati.

"Muchangi anarudi nyumbani," Cucu Mukami alisema polepole. Hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

Ruguru aliteremka hata hivyo. Nadhani mtu akiogopa sana hufika mahali ambapo kusimama ni kugumu kuliko kwenda. Alifika kwenye ukingo wa kitanda cha kwanza, akatazama ule unyayo wa kijani. Ulikuwa mkubwa, ndiyo. Kisha akatazama uliofuata, na uliofuata, na kitu kikamsumbua. Muchangi alikuwa mrefu. Alipotembea, Ruguru alilazimika kukimbia pembeni yake kama mbuzi. Hatua hizi zilikuwa fupi.

Akainua mguu wake, wenye gambuti, akauweka hewani juu ya doa. Ulienea sawasawa. Akanyoosha mguu wa pili kuelekea doa la pili. Ulifika bila kujinyoosha.

Alikaa chini pale pale kwenye tope, yeye aliyechukia tope, akavua gambuti moja, akaigeuza. Kwenye mifereji ya soli, chini ya tope jipya, kulikuwa na udongo wa zamani uliogandamana, mweusi, wenye sindano za msonobari. Alichokonoa kwa kidole akanusa.

Ilikuwapo. Dhaifu, lakini ilikuwapo.

"Bwana Foresta," aliita bila kugeuka, "udongo uliokuja na miguu yangu haukuchomwa."

"Kwani upi ulichomwa?"

Akamwambia. Alimwambia yote, moto, bati na harufu ya kabuti, na wanawake wakisikia. Mwongera alichuchumaa kando yake, akawa anazungusha ule mswaki mkononi kwa muda.

"Mimi nilikutuma mahali ambapo singemtuma mama yangu," alisema mwishowe. "Kisha sikuja hata kuangalia ulivyouleta. Haya. Vile viazi ulivyoviona si viazi. Ni uyoga. Kuna uyoga ambao hautoki nje kamwe, unazaa huko huko chini. Unaufunga mzizi wa mti kama soksi. Unautafutia mti maji na chakula mahali mzizi wenyewe haufiki, na mti unaulipa sukari inayotoka kwenye majani. Kila mmoja anamlisha mwenzake. Hapa ugenini, msonobari bila huo uyoga husimama tu."

"Na hayo matundu ndani?"

"Ndani yake kuna wengine tena, bakteria. Wadogo hata macho hayawaoni. Wamo ndani ya uyoga, wamo juu ya mzizi, wamo katikati. Wengine ndio wanaousaidia uyoga ushikane na mzizi. Na wanasema baadhi ya ile harufu, ni bakteria wanaoipika."

"Harufu ya nini sasa?" Ednah aliuliza kwa mbali.

"Ya kuita. Uyoga uko chini, hauna miguu, hauna upepo. Ukiiva unaita nguruwe mwitu, nungunungu, panya. Waje wafukue, wale, waende kuuacha mbele. Ndiyo maana pale juu pamefukuliwa."

Ruguru alifikiri. "Unaita," alisema.

"Unaita."

"Na ndio unaoita kwa harufu ya mume wangu?"

Bwana Mwongera alitazama ile miti juu. "Hilo, mama," alisema, "sikufundishwa."

Cucu Mukami alikuwa ameegemea fimbo yake akitikisa kichwa. "Maneno mengi ya nini? Ni kibuyu. Chachu iko hai. Mama Karimi, kwa huo usafi wako, ulikiosha kibuyu kwa maji ya moto."

Mtu alicheka, kisha wakacheka wawili, kicheko kile cha watu waliobana pumzi muda mrefu. Lakini hakikudumu, kwa sababu wote walijua kilichofuata. Udongo ulio hai ulikuwa mahali pamoja tu. Na safari hii haungepitishwa motoni. Ungeingizwa vitandani kama ulivyo, pamoja na chochote kilichokuwa ndani yake.

"Naweza kwenda mimi," alisema Mwongera.

"Wewe humjui," Ruguru akamjibu. "Utamshtua."

Fikiria ulikuwa uchaguzi wa namna gani. Akikataa, miche itabaki vijiti, kambi itabomolewa, na kaburi litabaki msituni bila mtu wa kuling'olea hata jani. Akikubali, lazima alichimbe pembeni lile lile kaburi analotaka kulilinda, amtoe Muchangi kidogo kidogo kwa karai, amtawanye.

Alikwenda kabla jua halijashuka. Cucu Mukami alimsindikiza mpaka kwenye visiki, akageuka akampa mgongo, kwa heshima, kama unavyompa mgongo mtu anayeoga.

Chini ya miti hapakuwa na upepo, na harufu ilikuwa nzito hadi ukaweza kuiegemea. Ruguru alipiga magoti. Hakutumia jembe.

"Baba Karimi," alisema. "Nimekuja kukuomba. Sikuombi kuondoka. Nakuomba tubaki."

Aliingiza mkono kwenye sindano zilizooza, akapenya udongo, ambao ulikuwa na uvuguvugu asioutarajia. Vidole vyake vilikutana na mizizi, na juu ya mizizi nyuzi, nyeupe, nyembamba kuliko nywele, zimejizungusha kila mahali, zimeingiliana kama vidole vya watu walioshikana mikono ili wasipotezane. Alifunga kiganja akavuta taratibu. Nyuzi zilinyooka. Na kwa kitambo kidogo, ndivyo alivyosimulia hadi uzee wake na hakubadilisha neno, alihisi zikimvuta nazo. Si kwa nguvu, ni kama mtu anayeshika kiganja cha mwenzake kumwambia, haya, nenda.

Kisha zikaachia.

Alijaza gunia. Akalifunika kwa khanga yake mwenyewe, iliyolowa, akalibeba mgongoni, ukanda kichwani, na uzito wake ulikuwa ule wa mtu aliyelala.

Kitaluni waliukoroga udongo na vile viazi kwa maji kwenye mapipa, wakapata uji mweusi, wakaumimina kati ya mistari ya miche kwa vikombe. Kila mtu alimimina. Mbwa walikuja wakaketi pembeni, kama mara ile.

Kwa wiki kadhaa hakukuwa na kitu. Kisha madoa ya nyayo yakaanza kupoteza kingo zake. Kijani kilitambaa kutoka kwenye visigino, kikaingia kwenye manjano, unyayo ukagusa unyayo, mpaka asubuhi moja hukuweza tena kusema mtu alipita wapi. Mkubwa wa Embu alipokuja, alitembea kati ya vitanda akigusa vichwa vya miche kwa kiganja.

"Sasa hiki ni kitalu," alisema. "Mlifanya nini?"

"Tulikosea tukarekebisha, mzee," Mwongera akajibu.

Kambi ikabaki. Mvua za Aprili zilipokuja, miche iling'olewa, kila mmoja na kipande kidogo cha udongo mweusi kwenye mizizi, ikafungwa katika matawi mabichi, ikapakiwa kwenye malori. Ruguru alisimama kando ya njia hadi lori la mwisho. Halafu akavaa gambuti na kupanda kaburini kumpa mumewe habari kwamba wamebaki.

Alikaa. Alisubiri. Ukungu ulikuja ukapita. Aliinama, akaweka pua karibu kabisa na sindano, akavuta pumzi.

Udongo ulinukia udongo.

Alirudi kesho, na kesho kutwa. Alirudi msimu wote. Hakuna mtu kambini aliyeelewa kwa nini mwanamke aliyepata alichokitaka alikuwa akitoka kule juu na uso ule. Alikuwa amepata kaburi, na kaburi lilikuwa kimya kama sanduku lililofunguliwa.

Miaka miwili baadaye Karimi, bintiye aliyeolewa Ruiri, alikuja kumtembelea na mtoto mgongoni. Alipokuwa msichana alikuwa shuleni mbali, na mambo ya harufu mama yake hakuwahi kumgusia. Walikuwa jikoni wakimenya viazi, wakiongea habari za huko.

"Shule yetu ilipewa miti ya kitalu hiki na Bwana Mwongera, kwao ni karibu na hapo," alisema Karimi. "Imekuwa mirefu sasa, inamfika mtoto kiunoni. Lakini watoto hawaipendi. Mvua ikinyesha wanakataa kupita pale."

"Kwa nini?"

"Mambo ya watoto. Wanasema kuna harufu. Eti kama kuna mtu mzima amesimama hapo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nilipita siku moja nikidhani ni upuuzi. Mama, nilisimama nikalia, na sijui nilikuwa nalilia nini."

Ruguru aliweka kisu chini. Alifuta mikono polepole kwenye kitambaa, kidole kwa kidole. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye bomba.

"Huyu mtoto umewahi kumpeleka hapo?" aliuliza.

"Bado."

"Mpeleke," alisema. "Mvua ikinyesha. Umsimamishe tu, umwambie yule aliyesimama hapo mtoto huyu ni nani na mama yake ni nani. Asifukue."

Kisha akaenda mlangoni, akazichukua zile gambuti, akakaa kizingitini na kijiti, akaanza kuchokonoa udongo kwenye soli. Karimi alidhani anazisafisha. Lakini kila punje iliyotoka Ruguru aliiweka kiganjani, akaifunika kwa kiganja kingine, isione jua, kama chachu.